Kadi imeandikwa "Kanisa Kuu", nikaenda siko. Kanisa kuu ni lipi hasa?

AtuPicha

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ufafanuzi, na mkicheka chekeni kwa adabu.

Napiga picha za harusi hapa Dar, huu mwaka wa sita. Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi niliyounganishiwa na MC mmoja. Bi harusi sikuwahi kumwona uso kwa uso, tumeongea kwenye simu tu. Kadi inasema "Ibada ya ndoa: Kanisa Kuu, Posta, saa 8 mchana". Saa saba na nusu niko Mtakatifu Yosefu, pale mkabala na boti za Zanzibar, kamera mbili shingoni, kijana wangu kabeba taa. Likaja gari lenye maua, bwana harusi akashuka, nikaanza kazi. Nimeshafyatua picha kumi na nne ndipo mpiga picha mwingine akanisogelea kwa upole: "Dada, wewe umeitwa na upande gani?"

Upande gani! Bwana harusi hakuwa wangu. Wangu alikuwa Azania Front kwa Walutheri, mbele kidogo ufukwe uleule, na simu yangu ilikuwa imeshapigwa mara kumi na moja. Nilikimbia viatu mkononi. Nikawakuta wako wimbo wa pili, bi harusi ameshaingia. Ile picha ya mlangoni na baba yake haipo mpaka leo, na sehemu ya malipo nimerudisha.

Mama wa bi harusi akaniambia, "Mtu akikwambia Kanisa Kuu si unajua ni Azania?" Usiku namsimulia jirani yangu Mkatoliki, naye anasema Kanisa Kuu Posta ni Mtakatifu Yosefu, hakuna mjadala. Jumatatu mteja wangu Mwanglikana akanikumbusha nisisahau Mtakatifu Albano, nalo kanisa kuu, nalo hukohuko mjini.

Mimi nimezaliwa Tukuyu, kwetu ni Moravian. Maaskofu tunao, lakini nimekua bila kusikia mtu akisema anakwenda "kanisa kuu". Sasa kinachofanya kanisa liwe kuu ni nini? Ukubwa? Uzee? Kibali cha serikali? Na basilika ni kitu kingine au ni jina la fahari? Nisaidieni kabla sijapoteza harusi nyingine.

---

Babu_Mkunazini

Marahaba mwanangu, ingawa hukuniamkia.

Mimi Muislamu wa Unguja. Nimetembeza wageni Mji Mkongwe miaka ishirini na sita, na kanisa kuu la Waanglikana nimeliingia mara nyingi kuliko Wakristo wengi waliobatizwa. Kwa hiyo nivumilie.

Mkasa wako kwetu ni wa kila siku. Mji huu unaumaliza kwa miguu, na una makanisa makuu mawili. Waanglikana wako Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Wakatoliki wako Minara Miwili, ndivyo watu walivyoliita, ingawa jina lake ni Mtakatifu Yosefu kama hilo la kwenu. Mgeni akiniambia nimpeleke "kathedrali", swali langu la kwanza lilikuwa: ya mnara mmoja au ya minara miwili?

Ya Mkunazini nilikuwa na maneno yangu nimeyahifadhi, ukiniamsha usiku ningeyasema. Sultani Barghash alikubali kufunga masoko ya watumwa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi. Aliyelisimamia ni Askofu Edward Steere, huyo huyo aliyekaa na watu wa mji akiandika Kiswahili chao. Paa la matumbawe na saruji limepinda kama jahazi lililofudikizwa. Madhabahu iko pale ilipokuwa nguzo ya kuwachapia watumwa, pamewekwa duara la marumaru nyeupe. Msalaba umechongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Halafu zile nguzo kumi na mbili karibu na mlango, zimesimama kichwa chini miguu juu, maana mafundi walizisimamisha Steere akiwa safarini. Hapo wageni hucheka, nami napumzisha koo.

Siku moja nikawa na mzee wa Kiingereza, kasisi mstaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kiti je?" Nikamwuliza kiti gani. Akanishika mkono tukazunguka nyuma ya madhabahu. Kuna kiti cha askofu pale, na pembeni yake viti kumi na viwili vya makanoni, yaani makasisi wa baraza la kanisa kuu, vimepambwa kwa mabamba ya shaba yenye picha za watu wa kwenye Biblia. Miaka yote hiyo nawapitisha watu palepale kuwaonesha kaburi la Steere, naye kazikwa nyuma ya madhabahu, na vile viti nikavihesabu samani. Mzee akasema, "Kiondoe hiki, linabaki kanisa. Zuri, lakini kanisa."

Kumbe ndiyo siri yote. *Kathedra* ni neno la Kigiriki, maana yake kiti. Zamani mwalimu alifundisha ameketi, kama sheikh wetu na darsa lake, na anayekaa kitini ndiye mwenye neno. Basi kanisa lenye kiti cha askofu likaitwa kwa jina la kiti. Kiswahili kilipolipokea kikasema "kanisa kuu", na kile kiti kikapotelea humo. Ndiyo maana wewe unauliza ukubwa. Neno lenyewe limekupoteza njia, usijilaumu.

Kwa hiyo makanisa yote matatu uliyoyataja ni makuu, kila moja kwa askofu wake. Kadi ndiyo yenye kosa.

Na hawa Waanglikana wana jambo lao linanifurahisha. Kiti ni cha askofu, lakini mwenye nyumba ni mwingine. Uingereza kanisa kuu lina mkuu wake na baraza la makanoni, Kenya huyo mkuu wanamwita Provosti, na mambo ya kila siku ni yake yeye. Askofu mpya siku ya kusimikwa anakuta mlango umefungwa, anaugonga mara tatu kwa fimbo yake mpaka afunguliwe. Mwenye kiti anapiga hodi kwake mwenyewe! Nilipomsimulia mke wangu akasema huo ndio utaratibu mzuri, hata waume wangefanyiwa.

---

Katekista_Kagera

Tumsifu Yesu Kristo. Babu, kwa Muislamu umetufundisha vizuri, naongeza ya kwetu Wakatoliki.

Watu wengi, hata waumini wetu, wanadhani kanisa kuu la Papa ni Mtakatifu Petro pale Vatikani. Sivyo. Papa ni Askofu wa Roma, na kiti chake cha uaskofu kiko Basilika ya Laterano, upande mwingine wa mji. Ndiyo maana tarehe 9 Novemba Kanisa lote duniani linaadhimisha kutabarukiwa, yaani kuwekwa wakfu, kwa Laterano. Nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka swali hilo linawaangusha.

Pili, kiti kinahama. Mimi ni wa Kagera, nina ushahidi wa nyumbani. Jimbo letu lilianza 1953 kwa jina la Rutabo, na askofu wake ni Laurean Rugambwa. Mwaka 1960 likawa Jimbo la Bukoba, na mwaka huohuo Rugambwa akawa kardinali wa kwanza Mwafrika. Jina lilipohama na kiti kikahama. Kanisa la Rutabo halikubomolewa, halikupungua tofali hata moja, lakini ukuu ukaenda mjini. Rugambwa alifariki 1997 akazikwa Kashozi kwanza, hadi 2012 mwili wake ukaletwa kanisa kuu la Bukoba. Askofu huzikwa kilipo kiti.

Tatu, na hili ndilo muumini wa kigangoni analigusa bila kujua. Siku za Juma Kuu mapadre wote wa jimbo wanakusanyika kanisa kuu kwa Misa ya Krisma. Askofu anabariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni, na anaweka wakfu Krisma, mafuta ya kupaka wanaobatizwa na wanaopewa kipaimara. Kila parokia inaondoka na sehemu yake. Mtoto akibatizwa kijijini kwangu, mbali na lami, anapakwa mafuta yaliyotoka pale kitini. Mwaka mmoja paroko aliumwa, mimi nikapewa chupa tatu nizirudishe kwa basi. Nimezipakata mapajani saa nne nzima. Kondakta akaniuliza hayo mafuta ni ya alizeti au ya mawese, na kama nauza.

Kuhusu basilika, hilo ni jina la heshima anayelitoa ni Papa, halihusiani na kiti. Familia Takatifu ya Nairobi inayo yote mawili, ni basilika na ni kanisa kuu. Namugongo kwa Mashahidi wa Uganda ni basilika bila kiti, kiti cha Kampala kiko Rubaga. Na lile kubwa kupita kiasi la Yamoussoukro, Ivory Coast, alilolitabaruku Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990? Basilika. Kiti cha askofu kiko kanisa la Mtakatifu Augustino, mji huohuo, na watalii wanalipita tu.

Nimesahau jambo. Kile kiti hakikaliwi na kila padre. Hata paroko wa kanisa kuu lenyewe akiadhimisha Misa ana kiti chake kingine. Ukiingia ukakuta cha askofu kitupu, si kwamba kimeachwa.

---

AtuPicha

Shikamoo Babu, samahani kwa kutokuamkia. Katekista, asante sana. Kwa hiyo pale nilipompiga picha bwana harusi wa watu, kiti kilikuwepo na mimi sikukiona? Na Walutheri nao wana kiti, au wanaazima jina tu? Maana mama wa bi harusi bado ana hasira, nataka nikienda kumwomba radhi niende na hoja.

---

Besi_wa_Pili

Dada Atu, usiende na hoja kwa mama wa bi harusi. Nenda na albamu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, KKKT, yaani kanisa la Kilutheri Tanzania, Moshi. Kwetu "Kanisa Kuu" si jina la kuazima. Azania Front ndilo kanisa la askofu wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani, basi ni kanisa kuu, sawasawa na alivyosema Babu. Lakini sikiliza kisa chake. Wamisionari wa Kijerumani walilijenga 1898 hadi 1902, karibu miaka ileile Wakatoliki walipokuwa wanamjengea Mtakatifu Yosefu jirani yao. Mnara uleule unaouona leo, vigae vilevile vyekundu. Walutheri wa nchi hii wakati ule hawakuwa na askofu hata mmoja! Jengo lilikaa miaka mingi likiwa kanisa la kawaida. Ukuu ulikuja baadaye, uaskofu ulipokuja, na hakuna aliyeongeza ghorofa.

Uaskofu wenyewe haukutoka kwa hao Wajerumani tu. KKKT iliundwa 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, kila moja lina wazazi wake: huku Wajerumani, kule Waskandinavia na Wamarekani. Waswidi ndio walioyahifadhi maaskofu na makanisa makuu tangu kabla ya Luther; nenda Uppsala ukaone, lina urefu wa zaidi ya mita mia na askofu mkuu wao yuko pale hadi leo. Askofu wa kwanza wa Walutheri wa Bukoba, 1961, alikuwa Mswidi, Bengt Sundkler, kabla ya Josiah Kibira. Kwa hiyo sisi tuna kiti, ila hatukisemi sana. Mlutheri ukimwuliza moyo wa kanisa uko wapi atakuonesha mimbari.

Nilisafiri na kwaya kwenda Berlin kwa wenzetu wa urafiki. Wakatupeleka Berliner Dom; "Dom" ndivyo Wajerumani wanavyoita kanisa kuu. Kuba lake likakufanya ushushe sauti mwenyewe, na chini kuna majeneza ya wafalme wa Prussia. Nikamwuliza mwenyeji wetu askofu anakaa wapi humu. Akatabasamu, akatutoa nje, tukatembea hadi kanisa la Mtakatifu Maria karibu na Alexanderplatz, la matofali, la zamani sana, unaweza kulipita ukidhani ni la mtaani. "Askofu wetu anahubiri hapa," akasema. Dom lile kubwa ni la fahari ya wafalme, lilimalizika 1905. Jina linalo, kiti hakiko humo. Besi wenzangu walikataa kuamini, wakarudi Dom kupiga picha zaidi.

Na kitu kingine cha kukuokoa kazini, dada. Usiamini neno "jimbo" kwenye kadi. Kwa Wakatoliki jimbo ni la askofu. Kwetu KKKT jimbo ni sehemu ya dayosisi na lina Mkuu wa Jimbo ambaye ni mchungaji. Kwenu Moravian jimbo lina Mwenyekiti na halmashauri yake. Neno moja, ngazi tatu. Omba jina la kanisa na ramani kwenye simu.

---

MzeeWaKirk

Hamjambo nyote. Niko Nairobi, ni mzee wa kanisa PCEA, yaani Wapresbiteri, na nimekuja kuwaharibia sherehe kidogo.

Sisi hatuna askofu. Tuna Moderata, anaongoza kikao kwa muda wake, halafu anarudi kuhubiri kama wengine. Kanisa letu la St Andrew's hapa mjini ni kubwa na linaheshimika, lakini ukiliita kathedrali mbele ya wazee utarekebishwa kabla hujamaliza sentensi. Hakuna askofu, hakuna kiti, hakuna kathedrali.

Sasa, kijana wangu anaishi Edinburgh. Nilipomtembelea akanipeleka kanisa la mama yetu, yaani Kanisa la Scotland lililotuzaa. Nafika, kibao kinasema St Giles' Cathedral! Nikamwuliza kijana, tumepotea? Kumbe kuna hadithi. Mfalme Charles wa Kwanza alitaka Waskoti wawe na maaskofu, akaufanya mji huo uwe na askofu mwaka 1633, kanisa likawa kathedrali. Mwaka 1637 likaletwa kitabu kipya cha sala, na siku ya kwanza kilipoanza kusomwa, inasimuliwa kwamba mama mmoja wa sokoni, Jenny Geddes, alinyanyua kigoda alichokalia akamrushia msomaji. Fujo ikatoka kanisani ikaingia mtaani, na mwishowe vita. Maaskofu wakaondolewa, wakarudishwa, na 1689 wakaondolewa moja kwa moja. Jina kwenye kibao halikuondoka nao. Glasgow ni vilevile, kathedrali ya karne na karne, na ndani anahubiri mhudumu wa Kipresbiteri asiye na askofu juu yake.

Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Mnazungumzia kiti kurasa nzima, na sisi tulianzia kwenye kigoda.

Ila nisiwe mchoyo kwa majirani zangu Waanglikana. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifukuzwa na polisi Uhuru Park, walipokuwa wakidai wana wao waachiliwe. Walivuka barabara wakaingia All Saints Cathedral wakakaa katika chumba cha chini ya kanisa karibu mwaka mzima. Julai 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliwafuata watu mpaka ndani ya kathedrali hiyohiyo wakawapiga, na nchi ikashtuka hata wasiosali. Mtu akipigwa kwenye kanisa la mtaani anapigwa kila siku na hakuna gazeti. Kathedrali ikiguswa, askofu ameguswa, na askofu ana sauti. Sisi wa Moderata hilo tunalijua, hata kama hatulisemi kwenye kikao.

---

Orthodoksi_Mwz

Mmetusahau, kama kawaida. Naandika kutoka Mwanza.

Kwetu Waorthodoksi askofu yumo katika kila kanisa, hata asipokuwepo. Juu ya kila meza takatifu kuna antiminsi, kitambaa chenye picha ya Kristo akizikwa, kimeshonewa masalia ya watakatifu na kina saini ya askofu. Padre bila kitambaa hicho haadhimishi Liturujia, yaani ibada ya Ekaristi, hata kanisa lingekuwa la marumaru tupu. Akihama jimbo hahami nacho.

Na kwa anayedhani ukuu ni ukubwa: Hagia Sofia, Konstantinopoli, lilikuwa kanisa kuu la Patriarki, askofu wetu wa heshima ya juu, mpaka 1453. Leo Patriarki huyo ana kiti chake kanisa la Mtakatifu Georgi, mtaa wa Fener, Istanbul ileile. Halina hata kuba. Mahujaji wanashuka kwenye mabasi wanauliza, "Ndilo hili?"

Ndilo hilo.

---

AtuPicha

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Nimempigia baba Tukuyu, yeye ni mzee wa kanisa. Nikamwuliza kwa nini sisi tuna askofu na hatuna kanisa kuu. Akakaa kimya, nikadhani simu imekata. Halafu akasema: "Askofu wetu hana kiti, ana mikono." Akaniambia wenzetu askofu anatawala dayosisi, kwetu anayeendesha Jimbo ni Mwenyekiti na halmashauri yake. Askofu wa Moravian anawabariki wachungaji kwa kuwawekea mikono, anawaombea, anawashauri. Akimaliza anarudi usharikani kwake kama mchungaji. Hana ofisi ya kukalia watu. Hapo ndipo nikaelewa utoto wangu wote.

Mama wa bi harusi nimempelekea albamu, asante mwalimu wa kwaya. Amenikaribisha chai. Hoja sikuitoa.

Sasa nina la kukiri. Babu aliposema kuhusu vile viti nilivuta mafaili ya zamani. Miaka miwili iliyopita nilipiga harusi katika kanisa kuu moja la mkoani, silitaji. Picha mia tatu na ushee. Nikaanza kutafuta kiti. Kipo! Kipo nyuma ya bega la bwana harusi, kimefifia kwa sababu nimefungua lenzi mno. Kipo wakati wa pete. Kipo wakati wa kusaini cheti, kirefu, kina ngao juu ya egemeo. Nimekipiga mara arobaini na kitu na sikuwahi kukielekezea kamera.

Na katika picha za mwisho, maharusi wanatoka, kiti kinaonekana chote, na juu yake kuna begi jeusi lenye mkanda wa njano.

Ni langu. La lenzi.

Babu, usicheke.

---

Babu_Mkunazini

Sicheki, mwanangu. Mimi pale nyuma ya madhabahu nilikuwa naweka chupa yangu ya maji kwenye kiti cha kanoni wa tatu kutoka kulia. Miaka mingi tu. Yule mzee wa Kiingereza ndiye aliyeiondoa, akanipa mkononi, hakusema neno.